Stima ikirudi, taa zote zinawaka usiku wa manane

Niko Mamboleo, Kisumu. Tangu programu ya balbu zangu janja (zinazoongozwa kwa simu) isasishwe, stima ikipotea na kurudi nyumba nzima inawaka, hata chumba cha mtoto. Waliouza wananijibu tu, "Zima, uwashe tena." Nililipia huduma! Inaniuma kweli. Nifanyeje?

Nakuru: Pole dada. Balbu nyingi hutoka kiwandani zimewekwa ziwake stima inaporudi. Tafuta mpangilio huo, uubadilishe.

Aliyeuliza: Asante kaka, ila toleo jipya limeuondoa.

Kakamega: Huo ni ukatili kwa mteja. Kama zinatumia Zigbee (mawasiliano ya redio ya vifaa vya nyumbani), hamia Home Assistant, programu ya kuongoza vifaa hivyo. Ni ya bure, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inaiendesha humo humo nyumbani, hata intaneti ikikatika. Nunua tu kipokezi cha Zigbee cha USB.