Naomba ushauri: kulala kwenye hema kando ya Rufiji

Wandugu wa Bukavu na Goma, habari zenu. Tuko wanne, tunaenda Tanzania mwezi wa nane kutazama viboko, mamba na ndege wa mto Rufiji: siku tatu ndani ya hifadhi ya Nyerere, siku mbili huku chini penye mikoko, mto unapoingia baharini.

Hifadhini tumejipanga. Njia ya kiboko inajulikana kwa mikondo miwili yenye tuta katikati. Hema haliwekwi hapo, maana akishtuka usiku hukimbilia majini kwa njia ileile. Maji hayachotwi kila siku mahali pamoja, mamba huzoea.

Kinachotusumbua ni kwenye mikoko. Maji hupanda mara mbili kwa siku, na mwezi mpevu au mwandamo hupanda zaidi, bamvua wanaita. Tutambueje ardhi isiyofikiwa? Alama ya matope kwenye mashina inatosha? Na mtumbwi wa injini uondoke saa ngapi usikwame yakipwa?

Maji ya huko yana chumvi, na dawa ya klorini haiitoi. Lita 4 kwa mtu kwa siku ni lita 32. Tubebe bidoni mbili za lita 20, ama tatu? Mikoko hatutaki kukata: tupikie makala au gesi?