Ubao wa kuteleza kwenye theluji: nichague upi?

Mkazi wa Sinza: Ndugu wadau, mwezi Januari ninasafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Uswisi kikazi, na ningependa kujifunza kuteleza kwenye theluji kwa ubao. Nina kilo 78 na viatu vyangu ni namba 45. Nichague ubao gani?

Mdau wa Upanga: Ndugu, tazama kwanza uzito kabla ya kimo, kwa kuwa ubao hupinda kulingana na mzigo unaoubeba. Urefu wa sentimita 155 hadi 158 unakutosha, lakini kwa mguu huo dai ubao mpana, la sivyo vidole vitachomoza ukingoni na kukwaruza theluji unapokata kona, nawe utaanguka papo hapo. Anayeanza afadhali ubao laini, yaani unaopinda kwa urahisi.

Dada wa Kigamboni: Msisahau vifungo vya miguu. Achanisha miguu kidogo kupita upana wa mabega, elekeza wa mbele nje kwa digrii 15 na wa nyuma digrii 6 upande wa pili. Wapenda theluji yenye kina husogeza vifungo nyuma ili pua ya ubao isizame. Mimi nilikodi ubao uliofungwa ovyo, goti likaniuma kutwa nzima, hadi nilipoazima bisibisi nikaurekebisha mwenyewe.

Mkazi wa Sinza: Ahsanteni sana. Nitakodi mpana, na bisibisi nitabeba.