Kiingereza cha hotelini: maneno anayo, sentensi hazitoki

Kijana_wa_Jambiani
Assalamu alaykum. Mdogo wangu kaitwa kazi ya hoteli huku Paje, pwani ya Unguja, mkahawani na vyumbani, anaanza baada ya wiki sita. Ukimuuliza shuka, foronya au kijiko kwa Kiingereza anakujibu hapo hapo. Mgeni akimsemesha ndipo anapokwama, au anajibu kitu mgeni asikifahamu. Aanzie wapi? Ninunue kitabu cha sarufi?

Mwl_Chwaka
Waalaykum salaam. Sarufi iache kwanza. Lenga sentensi 150, tano kwa siku. Siku 30 zimekwisha na zinabaki 12 za marudio. Daftari ligawe mara mbili: kushoto aandike tukio kwa Kiswahili ("mgeni anataka maji zaidi"), kulia sentensi nzima kama inavyosemwa. Afunike kulia kwa mkono, aseme kwa sauti, ndipo afunue. Arudie kesho yake, siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne. Wengi huzisoma pande zote mbili kwa macho wakadhani wameshika. Jicho linatambua, ulimi haujazoea.

Kinachomkwamisha ni kufasiri neno kwa neno. Tizama "karibu" peke yake. "Welcome" ni ya mtu anapowasili. Akibisha mlango ni "Come in". Kumpa kiti ni "Have a seat". Ukimwekea sahani ni "Here you are", kisha "Enjoy your meal". Chakula cha kujipakulia ni "Help yourself". Akikushukuru ni "You're welcome", si "welcome" tupu. Neno letu moja, kwao saba.

"Pole na safari" haina mwenzake. Ukisema "Sorry for your journey" mgeni atauliza kuna msiba gani. Sema "How was your journey?" Na "nakuja" ya mtu anayeondoka usiifanye "I'm coming", maana anakuona unampa mgongo. Ni "I'll be right back".

Kubwa kuliko yote ni ndiyo na hapana. Sisi tukiulizwa "Hamna taulo?" hujibu "Ndiyo, hamna". Kiingereza kinafuata hali yenyewe, si swali: hazipo, basi ni "No, we don't", hata swali lije vipi. Asijibu "yes" wala "no" mkavu, aongeze mkia kila mara: "Yes, we do", "No, we don't". Akikosea neno la kwanza, mkia utamfanya ajishtukie.

Bi_Foronya
Naongeza matamshi. "Sheet" na "beach" zina i ndefu kama ya "hii" ukiivuta. Ukiikata fupi, zote mbili zinageuka matusi, na mtu wa vyumbani hutaja shuka kutwa mara ishirini! Akiona shida aseme "bed linen", yaishe.

La pili, asitie irabu mwisho: "bed", si "bedi". Ulimi ubaki juu pale pale kwenye d. Kwa "th" sisi tuna bahati, tunazo tayari: "thank" ni th ya thelathini, "this" ni dh ya dhahabu. Sijui kwa nini vijana wanaacha walicho nacho wakasema "zis".

Nahodha_Mkavu
Saa, jamani, saa! Saa nne asubuhi ni "ten", saa tisa mchana ni "three". Ongeza sita au toa sita. Ukimwambia mgeni boti "at four" ukikusudia saa nne, atakuja saa kumi jioni.

Na usiku wetu unatangulia mchana. Mzee akisema usiku wa Ijumaa, Mzungu anauita "Thursday night". Kwenye kuandikia meza ni bora kutaja tarehe.

Paje na Jambiani swali la kila siku ni maji. Kujaa ni "high tide", kupwa ni "low tide", bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ni "spring tide" (haihusiani na msimu wao wa "spring"). Usimpe saa tupu, mpe na maana yake: "High tide is at three, so you can swim from about one to five." Kesho yake maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo jibu la jana halifai leo.

Mpemba_wa_Wete
Akipelekwa kutembeza wageni mashambani, achunge karafuu: ni "cloves", yenye v. "Clothes" ni nguo, ina dh yetu. Na "coconut" tupu haitoshi: dafu ni "young coconut", maji yake "coconut water", tui ni "coconut milk".

Kijana_wa_Jambiani
Ahsanteni sana. Na asipofahamu kabisa alichoambiwa?

Mwl_Chwaka
Hapo ndipo penye hatari, maana mazoea yetu ni kutikisa kichwa na kusema "yes" kwa adabu. "What?" nayo ni ukavu. Aseme "Sorry, could you say that again, please?" Bado hajafahamu, ahakikishe kwa kurudia: "You'd like two more pillows, is that right?"

Neno moja aliweke juu ya yote: "allergic". Mgeni akisema "I'm allergic to nuts" ana maana kikimgusa anadhurika, na kwa wengine ni roho kutoka. Si kwamba hapendi. Karanga ni "peanuts", korosho "cashews", na zote huingia kwenye michuzi bila kuonekana. Hata akidhani anajua, jibu ni "Let me check with the kitchen", na aende kweli jikoni akamuulize mpishi.