Bosi ni mjomba wa mume wangu, na mshahara wangu unakatwa kwa saruji anayochukua mwanawe

Mama Neema wa Ipagala

Wakuu, habari za jioni. Naombeni mnisome hadi mwisho, maana jambo hili liko kazini na nyumbani kwa wakati mmoja, na kila ninayemweleza ananijibu upande mmoja tu.

Mimi ni mhasibu msaidizi kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Dodoma. Tunauza saruji, nondo, mabati, rangi na vikorokoro vyote vya fundi. Tangu serikali ihamie huku na watu waanze kujenga Mtumba, Ihumwa, Iyumbu mpaka Nala, duka limekua mno, lakini kitengo kizima cha hesabu bado ni mimi. Huyo mhasibu ninayemsaidia sijawahi kumwona. Nakata risiti za EFD, ile mashine ya mamlaka ya mapato, TRA, napokea mzigo, natunza leja ya stoo, na ritani ya VAT, ile taarifa ya kodi ya kila mwezi, natuma mimi kabla ya tarehe 20. Mwenye duka ni mjomba wa mume wangu, kaka wa damu wa mama mkwe. Mbele ya wateja namwita Mzee. Nyumbani ni Mjomba, shikamoo.

Huyu Mjomba ametushika kila kona. Nyumba tunayokaa Ipagala ni yake, kodi hatulipi. Mume wangu ni dereva wa Fuso lake. Na mahari yangu ilipopelekwa kwetu Singida, ng'ombe watatu walitoka kwenye zizi lake la Bahi. Hilo la ng'ombe yeye mwenyewe hajawahi kulitamka hata mara moja. Analitamka mama mkwe kwa niaba yake, kila akiona nimekunja uso.

Shida ni mwanawe. Kijana wa miaka 23, anajenga fremu zake Nkuhungu. Anakuja mchana na kirikuu, anawaambia vijana wa stoo "pakia", wanapakia. Haandiki, hasaini. Nikimwambia asaini anacheka: "Shemeji, kwani naiba kwa baba yangu?" Na ukweli ana hoja, mali ni ya baba yake. Ila mwisho wa mwezi Mzee anahesabu stoo peke yake, leja yangu inasema mifuko ipo, sakafuni haipo, na upungufu unapewa jina langu.

Mwezi uliopita ilipungua mifuko 12. Akaipiga kwa 15,000, bei ya kununulia, akanikata 180,000 kwenye mshahara wa 450,000. Karatasi hakuna. Aliniita ofisini, akanipa bahasha, akasema, "Nimetoa ya stoo humo, mkwe wangu. Wewe mtu wa nyumbani utanielewa." Kijana wetu wa kuuza rangi angekatwa hivyo, duka zima lingesikia. Mimi nilisema asante, tena kwa sauti.

Kinachoniuma zaidi ya hela ni kwamba undugu huu unafanya kazi upande mmoja. Kwenye makato mimi mtu wa nyumbani. Nikiomba likizo, kazi ni kazi. Nikibaki dukani mpaka saa mbili usiku kwa ajili ya ritani, nasaidia familia. Mtoto akiumwa, niombe ruhusa kama wengine.

Nimemweleza mume wangu, akasema vumilia, hasira za Mzee hupita. Najua anachoogopa ni Fuso. Simlaumu sana.

Nifanyeje nisikatwe tena, bila kuivunja nyumba yangu? Na atakayeniambia niache kazi anitajie pia pa kulala.

Kiboko ya Kodi

Acha kazi dada. Dodoma ya sasa hivi mtu anayejua EFD na ritani hakosi pa kwenda. Utalala popote.

Mama Neema wa Ipagala

Popote na mtoto wa miaka miwili. Ahsante, wengine karibuni.

Stoo Kipa Mstaafu

Mama Neema pole. Nimekaa stoo miaka mingi, ya umma kisha ya mkandarasi, na kesi ya mtoto wa bosi naifahamu vizuri. Wengi huenda moja kwa moja kumshtaki kijana kwa baba yake. Baba anachosikia ni kwamba umemwita mwanawe mwizi. Kuanzia hapo saruji inasahaulika, kikao kinakuwa cha adabu yako.

Fanya hivi. Fungua ukurasa kwenye leja, uandike juu "Matumizi ya mwenye mali". Wewe mhasibu unalijua hilo, mwenye biashara akitoa mzigo wa duka kwa shughuli zake unaandikwa huko na unapunguza mtaji wake. Upungufu wa stoo unakuwa haupo. Mfuate Mzee siku ametulia, usingoje siku ya kuhesabu, umwambie: "Mjomba, TRA wakija wakakuta mzigo umetoka bila risiti wala maelezo, watasema tunauza bila EFD. Naomba kila kinachokwenda kwenye ujenzi wenu kiandikwe huku." Kijana hujamtaja. Umempunguzia Mzee hatari ya faini, na ni kweli unampunguzia.

Akikubali, mwombe awaambie vijana wa stoo yeye mwenyewe: hakuna kupakia bila hati ya kutolea mzigo. Amri itoke kinywani mwake. Hapo mtoto asiposaini anambishia baba yake, wewe haumo.

Na stoo isihesabiwe haupo. Mhesabu pamoja, muandike, msaini wote wawili pale pale. Mimi nilikuwa nabeba kalamu mbili, kwa sababu kuna mabosi ikifika saa ya kusaini kalamu zao hupotea.

Afisa Kazi Zamani

Naongeza upande wa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata tu kwa sababu kitu kimepotea. Hasara iwe imetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako. Akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na alivyokipata. Akupe nafasi ya kupinga. Na hata ukiwa na kosa kweli, makato ya aina hiyo hayazidi robo ya mshahara wako. Robo ya 450,000 ni 112,500. Kwa hiyo hata ingekuwa ni wewe uliyeibeba hiyo mifuko kichwani, bado alizidisha 67,500.

Mgogoro wa aina hii unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Ukiachishwa kazi ni siku 30, usichanganye. Kinachoanza kule ni usuluhishi, mnakaa mezani mnazungumza. Kama utaenda au hutaenda ni juu yako, ila andika tarehe uliyokatwa mahali, maana wengi huja wamechelewa wakisema walikuwa wanangoja familia ikae.

Angalia pia michango yako ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kama inafika. Jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na kwako asikate zaidi ya nusu yake. Ajira za kindugu nyingi huvuja hapo.

Bi Mkubwa wa Kizota

Huyo wa sheria anasema kweli tupu, lakini hajawahi kuwa mkwe wa mtu.

Mwanangu, ukimpeleka Mjomba CMA utashinda, kisha jioni mnakula wapi? Mkwe hamdai mjomba wa mumewe mbele ya watu. Hilo tusidanganyane. Lakini kila mjomba ana dada mkubwa anayemwogopa. Mtafute huyo. Na asiende mkwe, aende mpwa, yaani mumeo. Ni shangazi au mama mkubwa wa nani kwenye ukoo wenu mimi sijui, mumeo anajua.

La pili, ng'ombe. Hao walitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa wake. Kwetu Wagogo mjomba anatoa, na mpwa wake wa kike akiolewa anapokea fungu lake. Ni hesabu yao wanaume wa ukoo, inazunguka tangu hujazaliwa. Wewe hudaiwi hata kwato. Neema wako akija kuolewa, mjomba wa kukaa kikaoni ni kaka yako wa Singida. Mama mkwe akilitaja tena, itikia tu "eeh mama", uendelee kuchambua mboga.

La tatu namkosoa kidogo Stoo Kipa. Ukurasa ni mzuri, ila ukurasa haukutoi kwenye nyumba ya mtu. Hiyo ya bure ndiyo inayokufanya ushukuru ukikatwa.

Mwalimu, Makulu

Bi Mkubwa kagusa kitu ambacho wanasosholojia wamekiandikia kurasa nyingi. Mmarekani Richard Emerson, mwaka 1962, alisema nguvu ya mtu juu yako ni kiasi kile kile unachomtegemea. Kabla yake, mwaka 1938, Willard Waller aliyachunguza mahusiano ya wachumba akaona kwamba asiyeyahitaji sana ndiye anayeyaendesha. Cheo hakikuwa hoja ya hao wawili. Waliuliza nani atapata tabu zaidi mwenzake akiondoka.

Mama Neema ametuandikia kila anachomtegemea Mjomba. Upande wa pili umemponyoka katikati ya sentensi: EFD, leja, mapokezi ya mzigo, ritani kila mwezi. Mzee huyo tarehe 20 ikifika bila wewe anafanyaje? Sisemi umtishe. Ukianza kuficha nywila za mfumo umegeuka wewe mkosaji. Nasema ujue kwamba kamba ina ncha mbili.

Emerson alitaja njia nne za kusawazisha: upunguze haja yako kwake, upate pengine pa kukipata unachokipata kwake, kazi yako ipande thamani machoni pake, au uungane na wengine.

Bi Mkubwa wa Kizota

Hao wengine ndiyo shangazi. Nimeshasema.

Fundi Nondo

Mnamzungusha dada wa watu. Mume ndiye tatizo. Mwanaume anaona mkewe anakatwa 180,000 anasema vumilia?

Mama Neema wa Ipagala

Nimerudi wakuu, samahani kwa ukimya.

Fundi Nondo, mume wangu usimseme sana, maana suluhisho limepitia kwake. Usiku mmoja Neema amelala nilichukua kalenda ya ukutani, nikaigeuza, nikamwambia tuandike nyumba hii tungeilipia shilingi ngapi. Kwa mtaa wetu tukakubaliana 150,000 kwa mwezi. Nikamuuliza, wewe posho za safari unapewa? Akanyamaza. Fuso linakwenda Singida, linakwenda Kondoa, madereva wengine wa Mzee wanapewa posho, yeye hapewi kwa sababu "unakaa kwangu". Tukaziandika. Tukaandika na jioni zangu za ritani, na makato. Ile nyumba ya bure tunailipia, na chenji inabaki kwa Mjomba.

Aliitazama ile kalenda muda mrefu. Halafu yeye mwenyewe, bila mimi kumtuma, akasema atakwenda Mvumi kwa dada mkubwa wa Mjomba. Bi Mkubwa, sijui ulijuaje. Bibi huyo ndiye aliyemlea Mzee, na mpaka leo akimpigia simu Mzee anasimama.

Sijui walizungumza nini. Mume wangu alirudi na debe la karanga na maneno machache.

Ukurasa nao niliufungua. Nilimweleza Mzee kama Stoo Kipa alivyonielekeza, hoja ya TRA ikamwingia haraka kuliko nilivyotegemea. Aliwaita vijana wa stoo akawatangazia mwenyewe. Kijana alipokuja, baba yake yupo kaunta. Akasaini jina lote, herufi kubwa kama tangazo la mkutano wa hadhara, na kicheko juu. Acheke tu.

Mshahara wa mwezi huu umekuja kamili. Ile 180,000 haijarudi wala haijazungumzwa, tarehe nimeiandika kama Afisa Kazi alivyoshauri. NSSF nimekuta kuna miezi haijapelekwa, hilo nitalileta siku nyingine, kichwa kitanipasuka. Mama mkwe amepoa. Salamu yangu anaitikia, maongezi hakuna.

Tumeanza kuulizia chumba na sebule. Mwenye nyumba mmoja Chang'ombe anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ndiyo tunajikusanya.

Bi Mkubwa wa Kizota

Msihame kwa hasira. Kabla ya miezi sita ya mtu baki, mumeo apeleke kwa Mjomba kodi ya mwezi mmoja, mbele ya dada yake. Akiipokea, mmekuwa wapangaji na posho ya safari ataidai akiwa mpangaji. Akiikataa, mmejua mnachokaa nacho.

Stoo Kipa Mstaafu

Mifuko 12 ya mwezi ule isikupotee. Ukurasa upo tayari. Kijana akija tena mwambie kuna mizigo ya nyuma haijaandikwa, mwenyewe ndiye anakumbuka aliyobeba. Aiandike kwa tarehe ya leo, pembeni aweke "ya mwezi uliopita". Akisaini hiyo, 180,000 imepata mwenyewe, na Mzee ataiona akifungua leja. Hutahitaji kuisema.

Mama Neema wa Ipagala

Akikataa kuiandika?

Stoo Kipa Mstaafu

Muulize vijana wa stoo wakiwepo. Wao ndio waliopakia.

Mama Neema wa Ipagala

Jumatatu anakuja kuchukua nondo. Nitawaleta kaunta yeye na vijana wa stoo.