Leila au Shani? Naomba ushauri

Wadau, naombeni ushauri. Binti yetu ana wiki 3, tuko Umoja, Nairobi, na cheti cha kuzaliwa bado hatujaomba. Mimi nataka Leila. Shida ni shosho yake, yaani mamangu wa Murang'a. Kikuyu hakina sauti ya L, basi juzi amempakata akimwimbia "Reira, Reira" hadi mume wangu akatoka nje kucheka. Mume wangu naye anataka Shani. Lakini kwao Siaya Dholuo haina "sh". Shangazi yake kwenye simu alisema "Sani", na hiyo kwao ni "sasa". Mtoto aitwe Sasa, jameni! Hiyo Reira mimi naionea utamu, ila naogopa shuleni watadhani anashrabu, yaani lafudhi ya kikabila inampotoshea matamshi ya jina lake mwenyewe. Mliooana makabila tofauti, mlifanyaje?