Ushauri: mrija wa presha ya macho kwa mtoto hudumu miaka mingapi?

Mzazi wa Kilosa
Wakuu, heshima kwenu. Mwanangu ana miaka 6. Alizaliwa na presha ya macho, upasuaji wa kufungua njia ya maji ukagoma, akawekewa valvu ya Ahmed (mrija wenye kilango wa kutoa maji ya jicho) kabla hajatimiza miaka 2. Tukasubiri wiki 6 uzi uliofunga mrija uyeyuke. Presha ya jicho la kulia ilikaa kwenye 14 muda mrefu, kipimo cha mwisho ni 23. Mrija hudumu miaka mingapi? Naweza kusubiri kliniki ya Desemba?

Darubini
Mkuu, mrija hauozi. Kinachobadilika ni kifuko cha nyama kinachoota kuzunguka kile kibamba cha mwisho wa mrija, kilicholazwa nyuma, milimita 8 hadi 10 kutoka ukingo wa weusi wa jicho. Maji hupita mrijani, hujaa kifukoni, kisha hunyonywa taratibu. Kifuko kikiwa kinene maji hayapenyi, presha inapanda ingawa mrija uko wazi. Watoto hujenga makovu upesi, ndiyo maana mwaka wa kwanza majibu hupendeza, halafu miaka ikienda wengi hurudi kwenye matone au upasuaji mwingine. Kwa 23 mara nyingi huanzwa na matone ya timolol, ila daktari ajue kwanza kama mtoto ana pumu. Ukimtia, bonyeza kona ya jicho karibu na pua dakika 2, dawa isikimbilie kwenye damu.

Miwani Minene
Mnahangaika na presha, je, kuona? Jicho lililotanuka utotoni halioni mbali vizuri, na ubongo hulizoea lile zuri tu. Anavaa miwani? Anazibwa jicho zuri?

Mzazi wa Kilosa
Miwani anavaa. Kuziba tuliacha, alikuwa analia sana.

Nesi wa Zamu
Mzazi mwenzangu, mtoto hulilia hata kuoga na bado tunamwogesha. Hilo mlirudishe, muda mtapangiwa kliniki. Ila mbona unakazania Desemba? Jicho likoje leo? Jekundu? Linatoa tongotongo?

Mzazi wa Kilosa
Jekundu, wiki ya pili sasa. Asubuhi linaamka limegandana. Akiangalia chini naona juu, upande wa sikio, kitu kama kipande cha mshipi wa kuvulia, kinang'aa. Nimenunua duka la dawa matone ya antibayotiki yenye deksamethasoni, wekundu umepungua. Ndiyo maana naona tusubiri, na shule hazijafunga.

Darubini
Hilo ndilo lilikuwa la kuanza nalo! Hicho ni mrija. Hufunikwa kwa kiraka, kisha utando wa jicho juu yake. Vikilika, vijidudu vinapata njia ya moja kwa moja hadi ndani, na jicho linaweza kupotea ndani ya siku chache. Deksamethasoni imepunguza wekundu bila kufunika tundu, na yenyewe hupandisha presha na kudhoofisha kinga ya jicho. Acha kuongeza tone lolote la kujinunulia. Kama maambukizi hayajaingia, wataweka kiraka kipya. Yakiwa yameingia, mrija hutolewa.

Hoja kwa Hoja
Samahani, mimi hapa naona hadithi ya kutunga. Valvu ya Ahmed hufanya kazi siku ileile, imeundwa kuzuia presha isishuke chini ya 8 hivi. Uzi wa kuyeyuka hufungwa kwenye mirija isiyo na valvu, kama Baerveldt au ule wa Aurolab kutoka Madurai, India. Wiki 6 za uzi kwenye Ahmed zimetoka wapi?

Mzazi wa Kilosa
Sijatunga, ndugu yangu. Kulia ni Ahmed. Kushoto, miezi 5 baadaye, kadi imeandikwa AADI, na uzi ulikuwa wa huko. Nimeyachanganya macho mawili. Linaloonyesha mrija ni la kulia.

Hoja kwa Hoja
AADI ndiyo hiyo ya Aurolab. Nimeelewa, naomba radhi. Nenda leo.

Nesi wa Zamu
Piga simu hospitali iliyomfanyia, sema "mrija umetoka nje", usiseme "jicho jekundu". Funika kwa ngao ngumu ya plastiki isiyogusa jicho, usitumie pamba ya kukandamiza. Asilisugue. Beba kadi zote na hicho kichupa. Waulize aanze kufunga kula saa ngapi, maana huenda akapewa usingizi.

Mzazi wa Kilosa
Nimepiga. Wamesema tuje usiku huuhuu. Basi linaondoka saa 12 jioni. Amekula wali saa 8 mchana.

Nesi wa Zamu
Iandike hiyo saa kwenye kadi.