"K2 iko wapi?" Huyu dokta atatuua kwa presha

Wakuu, semina imeisha sasa hivi na damu inachemka. Jina la huyu mhadhiri silitaji, yeyote aliyepita ile idara anamjua: kalamu nyekundu, miwani puani. Mbele ya kamati, mbele ya wageni, mbele ya mama anayegawa chai, kagonga jedwali la mtoto wa watu: "K2 iko wapi? Rudi sekondari!"

K2, mojawapo ya mawimbi yanayojenga maji kujaa na kupwa! Kwenye data ya maji ya siku 29!

Maji ya Tanga yanaendeshwa hasa na M2 ya mwezi, saa 12.42, na S2 ya jua, saa 12 kamili. Kuzitenganisha kunataka siku 14.77, yaani bamvua hadi bamvua. N2, nyingine ya mwezi, na M2 siku 27.55, kwa hiyo 29 zinatosha. Lakini K2 ni saa 11.97. Imegandana na S2, na mpaka zipishane mzunguko mzima ni siku 182.6. Nusu mwaka! Ukilazimisha, kompyuta itakutapikia mawimbi mawili makubwa yanayokatana, kosa la makadirio likizidi namba yenyewe. Ndiyo aandike hayo kwenye tasnifu?

Na pendekezo la siku 29 alilisaini nani? Yeye! Kwa kalamu ileile! Halafu "rudi sekondari", mama wa chai kasimama na birika!

Mzee wa Chumbageni: Pole, ila unalia bure. K2 kwenye data fupi hukisiwa. Chukua S2, zidisha kwa 0.272, au kopa uwiano na tofauti ya awamu kutoka kituo cha jirani chenye rekodi ndefu, Unguja au Mombasa. Aya moja kwenye sura ya mbinu, kesi imekwisha.

Mwanzisha uzi: Kukisia si kutenganisha! Kauliza iko wapi, mbele ya mama wa chai!

Pweza Raskazone: Mama wa chai kaingiaje kwenye fizikia? Niambie, presha ya hewa mmeiondoa? Kile kifaa cha presha mlichozamisha kinapima maji na hewa pamoja, hPa 1 (hektopaskali, kipimo cha presha) ni kama sentimita 1 ya maji. Na hewa ya huku kwetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, karibu hPa 1, kwa saa 12 kamili. Inaingia yote kwenye S2. Halafu mzidishe hiyo S2 kwa 0.272? Hapo angewabana kihalali.

Binti Ngamiani: Nyie mna kifaa mnalalamika. Kuna watu wamepewa daftari la mlinzi wa gati, saa zote za Kiswahili. "Saa 4 asubuhi" inaingizwa 4:00 badala ya 10:00. M2 hutembea digrii 28.98 kwa saa (mzunguko mzima ni 360), kwa hiyo saa 6 ni digrii 174: maji kujaa yamegeuka kupwa. Programu nayo inataka UTC, saa ya kimataifa, usipotoa saa 3 umepotea digrii 87 nyingine. Na dokta ni huyohuyo.

Epsiloni: Fizikia mnadeka. Huku hisabati kozi ya nadharia ya vipimo (measure theory) haifunguliwi mpaka wajiandikishe watatu, na wapo wawili. Bila integrali ya Lebesgue hugusi nafasi za Lp (zile za vitendakazi), hugusi probabiliti ya maana. Mwaka unaliwa hivihivi.

Binti Ngamiani: Wa tatu si yule wa takwimu?

Epsiloni: Kahamia Dar.

Mgeni wa Pongwe: Samahani wakuu, natoka nje ya mada. Marejeo yangu kwenye LaTeX, ile programu ya kupanga tasnifu, yanatoka alama za kuuliza tupu.

Mzee wa Chumbageni: Endesha pdflatex, kisha bibtex, kisha pdflatex mara mbili. Zikibaki, kagua ufunguo kwenye faili la .bib, herufi kubwa na ndogo.

Mwanzisha uzi: Jamani, K2!

Mgeni wa Pongwe: Imekubali, shukrani mzee wangu. Sasa jedwali limetoka nje ya ukurasa.